Mbwa Aliye Langoni Pako

SABATO MCHANA

Jifunze somo hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato, Septemba 28.

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwa. 2:19, 20, Kut. 21:28–36, Kut. 23:12; Hes. 22:21–35, Ayu. 30:1, Isa. 56:10; Mt. 15:21–28, Lk. 16:19–21.

Fungu la kukariri: Mithali 12:10. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti mara tatu kabla ya kuendelea.

Ukisafiri kutoka Arusha kwenda Namanga, Mlima Meru ukiwa mkono wako wa kulia, unaiacha migomba na kahawa nyuma na nchi inaanza kukauka. Ukifika Oldonyo Sambu umeingia nchi ya ng'ombe, mbuzi na punda, na ni vigumu kukuta boma lisilo na mbwa. Usiku fisi akisogelea zizi, mbwa ndiye anayejua kwanza. Mchana anafuatana na layoni malishoni, jua kali, mara nyingi bila maji, mpaka jioni. Siku ya gulio utamwona karibu na bucha akisubiri mfupa, na mara nyingi anachopata ni jiwe.

Mbwa huyu anafanya kazi ambayo familia nzima inaitegemea. Lakini uliza katika maboma yetu: Anakula nini? Alichanjwa lini? Nani alimfundisha, na kwa njia gani? Akimuuma mtoto wa jirani, nani atawajibika? Wengi watacheka, na jibu utakalopewa ni moja: "Huyo ni mbwa tu, mwalimu."

Juma hili tutalichunguza neno hilo dogo, "tu." Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 2007, na mwaka huu imeangukia siku ya Sabato. Si vibaya kanisa likaitumia saa moja ya Shule ya Sabato kuuliza Maandiko yanasema nini juu ya kiumbe anayelala langoni petu.

JUMAPILI
Najisi, Lakini Si wa Kudharauliwa

Sisi Waadventista Wasabato tunaijua Walawi 11. Watoto wetu wanaweza kutaja wanyama safi na najisi kabla hawajajua kuhesabu hadi mia. Jambo hili ni jema. Lakini wako kati yetu waliolipeleka fundisho hilo mahali lisipofika, wakafikiri kwamba mnyama tusiyemla ni mnyama tusiyewajibika kwake. Walawi 11 inahusu sahani. Haitoi ruhusa ya kumpiga mtu mbwa wake teke.

Soma Mwanzo 7:2. Ni wanyama wa aina gani walioingia safinani? Mungu aliamuru wale wasio safi nao waokolewe, na Nuhu akawalisha siku zote za gharika. Punda si mnyama safi, lakini Bwana wetu alimpanda alipoingia Yerusalemu. Ngamia si safi, lakini Rebeka aliwachotea maji ngamia wa mgeni mpaka wakatosheka, na kwa wema huo akatambuliwa kuwa mke wa Isaka (Mwa. 24:14–20).

Ni kweli Biblia haimsifu sana mbwa. Goliathi alilitumia jina lake kwa dharau (1 Sam. 17:43), Paulo aliwaita hivyo walimu wa uongo (Flp. 3:2), na Yohana aliwaweka mbwa nje ya mji mtakatifu (Ufu. 22:15). Tukumbuke kwamba mbwa wengi wa miji ile hawakuwa na mwenyewe. Walizurura usiku wakila takataka na hata maiti. Maandishi hayo yanatumia hali ya mbwa asiye na mwenyewe kama picha ya mwanadamu aliyeasi.

Lakini yako mafungu mengine ambayo hatuyasomi mara nyingi. Ayubu alikuwa na mbwa waliochunga pamoja na kondoo wake (Ayu. 30:1). Isaya, akiwakemea walinzi wa Israeli, aliwafananisha na mbwa wasiobweka (Isa. 56:10), na mfano huo una maana tu kwa watu wanaojua mbwa mwema anavyolinda. Tena yuko mama Mkanaani (Mt. 15:26, 27). Neno la Kiyunani lililotumika pale linahusu mbwa wadogo, wale wa nyumbani. Mama yule aliijenga hoja yake juu ya jambo ambalo kila mtu alilikubali: mbwa aliye ndani ya nyumba ana fungu lake mezani pa bwana wake. Yesu hakulikanusha. Aliisifu imani iliyojengwa juu yake.

Katika nyumba yako, fungu la mbwa ni lipi, na nani amekabidhiwa kumpa?

JUMATATU
Mnyama Aliyemwona Malaika

Soma Hesabu 22:21–35. Punda wa Balaamu alifanya mambo gani matatu, na kila mara Balaamu alifanya nini?

Kwanza punda aliiacha njia akaingia kondeni. Mara ya pili alijibana ukutani, mguu wa Balaamu ukaumia. Mara ya tatu, penye upenyo mwembamba, alilala chini. Kila mara alipigwa, na mara ya tatu Balaamu alitamani angekuwa na upanga mkononi amuue. Nabii maarufu, aliyeitwa kutoka mbali kwa sababu ya kuona kwake, hakuona kitu. Mnyama aliyekuwa chini yake aliona.

Angalia malaika alipofunuliwa neno lake la kwanza lilikuwa lipi (Hes. 22:32). Kabla hajataja safari mbaya ya Balaamu, aliuliza kwa nini amempiga punda wake mara tatu. Kisha akamwambia kwamba kama punda asingegeuka, Balaamu angekufa na punda angeachwa hai. Sisi wahubiri hupenda kuruka haraka kutoka kwenye punda kwenda kwenye tamaa ya fedha. Malaika hakuruka.

Balaamu aliona kila tendo la punda kuwa ni ukaidi, kumbe lilikuwa onyo. Hivi ndivyo tunavyofanya na mbwa. Mbwa hana maneno, ana mwili. Akiingiza mkia katikati ya miguu, akilaza masikio, akigeuza uso pembeni, akijilamba pua ilhali hakuna chakula, anasema, "Naogopa, niondolee jambo hili." Akikakamaa na kukodoa macho, ameongeza sauti. Akinguruma, ametoa onyo karibu na la mwisho. Mtoto akimvuta mkia, mbwa akanguruma, na baba akamchapa mbwa kwa sababu ya kunguruma, mbwa huyo hajifunzi kumpenda mtoto. Anajifunza kutonguruma. Siku nyingine atauma bila kutoa onyo, na watu watasema amegeuka ghafla. Hakugeuka ghafla, alinyamazishwa.

Katika Wazee na Manabii, sura inayohusu Balaamu, Ellen G. White anasimama katika kisa hiki kuzungumzia ukatili kwa wanyama. Anauita dhambi, na anaeleza kwamba siku inakuja ambapo wanaowatesa viumbe wa Mungu watahukumiwa kwa hilo. Walimu wa Shule ya Sabato wafungue sura hiyo darasani.

Ni mara ngapi umemwadhibu mnyama, au hata mtoto, kwa kukuonya juu ya hatari ambayo wewe hukuiona?

JUMANNE
Ng'ombe Ambaye Mwenyewe Alionywa

Soma Kutoka 21:28, 29 na 36. Kuna tofauti gani kati ya mmiliki wa kwanza na wa pili?

Ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alijulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe akaambiwa, naye hakumzuia, hatia inahamia kwa mwenye ng'ombe, tena ni hatia ya damu. Sheria ya Mungu haiulizi tu mnyama alifanya nini. Inauliza mwenyewe alijua nini.

Sasa tuitazame mitaa yetu. Kuanzia Sakina mpaka Njiro, na sasa hata huku kwetu, mageti mengi yana kibao kilichoandikwa "Mbwa mkali." Watu hudhani kibao hicho kinawaondolea lawama. Kwa mujibu wa Kutoka 21 kinaongeza lawama, kwa maana ni ushahidi wa maandishi kwamba mwenye nyumba anajua. Na mtoto wa chekechea anayerudi nyumbani hajui kusoma. Kama geti liko wazi, kibao hakimlindi.

Na sisi sote tumeonywa kuhusu kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na kama watu 40 katika kila 100 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, hospitali haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Wazazi walioliona hilo hawalisahau.

Lakini kabla ya dalili kuanza, mlango uko wazi. Mnamo Julai 1885 Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Pasteur alifariki Septemba 28, 1895, na ndiyo sababu ya tarehe ya siku hii.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, oshani jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Najua shida ya maji ya Oldonyo Sambu. Hata hivyo, kama ndoo iliyobaki ni moja, hiyo ndiyo kazi yake. Usipake pilipili, wala oili, wala majivu. Usifunge jeraha kwa kitambaa cha kubana. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo, na ukianzishiwa chanjo, maliza dozi zote kwa tarehe ulizopangiwa. Mjulishe pia afisa mifugo wa kata ili mbwa afuatiliwe. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu, na maombi hayo yafanyike njiani kuelekea kituo cha afya.

Kwa upande wa mbwa, dawa ni chanjo. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, na kurudia, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwani Pemba chanjo ya mbwa iliukomesha ugonjwa. Ulipoingia tena kutoka nje, ulikomeshwa tena kwa chanjo. Katika vijiji vinavyoizunguka Serengeti mbwa wamekuwa wakichanjwa kwa miaka mingi, na huko faida imeonekana ng'ambo ya mpaka wa hifadhi pia, kwa kuwa ugonjwa wa mbwa hauheshimu mpaka. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa jamii ya mbwa, ambao watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti.

Wengine husema njia rahisi ni kuwapiga mbwa risasi au kuwawekea sumu. Imejaribiwa sehemu nyingi za dunia na haikumaliza kichaa cha mbwa. Mbwa waliouawa huachia nafasi, wengine wasiochanjwa huja kuijaza, na mara nyingi waliokufa kwanza ni wale wapole waliokuwa wamechanjwa, kwa sababu hawakimbii watu.

Wafundisheni watoto pia. Mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto asisumbuliwe. Mbwa msiyemjua akikimbilia, msikimbie wala kupiga kelele. Simameni wima kama mti, mikono imeshikamana na mwili, mtazame chini mpaka aondoke.

JUMATANO
Kumfundisha Bila Kumvunja

Soma Mwanzo 2:19, 20. Kwa nini Mungu aliwaleta wanyama kwa Adamu awape majina, badala ya kuwapa yeye mwenyewe?

Kumpa mnyama jina ni kumtazama mpaka umjue. Ndilo tendo la kwanza la utawala ambalo mwanadamu alilifanya, na halikuwa na fimbo ndani yake. Dhambi ilipoingia, utawala ukageuka ubabe. Ndiyo maana mtu akitaka mbwa wa kulinda, husikia ushauri wa ajabu: mkate masikio, mlishe pilipili, mfunge mnyororo tangu akiwa mdogo, mchape kila siku awe mkali. Masikio yaliyokatwa humpa maumivu na vidonda, hayampi ujasiri. Pilipili humchoma tumbo. Na mbwa anayefungwa mnyororo mchana na usiku huwa mkali kweli, lakini ukali wake hauchagui. Atamrukia mwizi, na atamrukia mtoto wa nyumba aliyemletea ugali. Huo si ulinzi.

Tunao mfano karibu nasi. Huko Usa River, upande wa pili wa Mlima Meru, shirika la African Wildlife Foundation lilianza mwaka 2014 mpango wa kuwafundisha mbwa na waongozaji wao kutambua kwa harufu meno ya tembo, pembe za faru na nyara nyingine. Mbwa hao na askari wao wamefanya kazi katika bandari na viwanja vya ndege vya Kenya, Tanzania na Uganda. Malipo ya mbwa akiipata harufu ni mpira wa kuchezea. Anamtumikia mwongozaji wake kwa furaha ya kucheza naye dakika chache. Waongozaji huanza kwa kujenga urafiki na mbwa kabla ya kudai kazi, na wengine kati yao walikuja wakiwa wanaogopa mbwa.

Ukitaka mfano wa Kitanzania kabisa, nenda Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mwalimu humbonyezea panya kifaa kinachotoa mlio mfupi pale pale anapopatia, kisha humpa kipande cha ndizi au chakula kingine. Mmoja wa panya hao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu kwa ushujaa. Panya hakupigwa hata kofi moja. Kama panya anafundishika kwa ndizi, mbwa wetu anashindwa nini?

Njia yenyewe haihitaji fedha. Usimwachishe mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla ya wiki nane. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndipo anapojifunza ni nani wa kuaminiwa, kwa hiyo katika wiki hizo azoeshwe kwa upole watu, watoto, mbuzi, kuku, bodaboda. Mfugaji anayetaka mbwa wa malishoni amlaze karibu na zizi tangu mwanzo, asikie harufu ya mbuzi na kuwaona kuwa ni jamaa zake. Huko Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa watoto wa mbwa wanaokuzwa ndani ya makundi ya mbuzi na kondoo ili kuwakinga na duma, na wafugaji wamepunguza hasara bila kumuua duma. Ayubu angeielewa kazi hiyo.

Mpe jina fupi. Mwite, na akija mpe kipande cha ugali au dagaa papo hapo. Asicheleweshewe malipo, maana ukipita muda hata wa kuhesabu tano hajui tena analipwa kwa lipi. Rudia mara chache, dakika tano asubuhi na tano jioni, na uache kabla hajachoka. Akimrukia mgeni, mgeuzie mgongo. Akitulia miguu minne chini, msifu. Akifukuza kuku, mfunge kamba ndefu, umwite akiwa bado anatazama tu, umlipe kwa kukugeukia wewe. Nyumba nzima itumie maneno yale yale: baba akisema "kaa" na watoto wakisema "lala," mbwa atachanganyikiwa na atapigwa kwa kosa la familia. Na mbwa akikujia, hata kama amechelewa, hata kama ametoka kula mayai ya jirani, usimpige. Ukimpiga umemfundisha kwamba kuitwa ni mtego.

Darasani mtu hatakosa kuuliza: Je, Daudi hakutaja fimbo ya mchungaji katika Zaburi 23? Aliitaja, na akasema inamfariji. Fimbo ile ilikuwa ya simba na dubu (1 Sam. 17:34, 35). Kondoo aliiona akafarijika kwa sababu haikuwa imemshukia yeye.

Mbwa wako akisikia hatua zako, anakuja au anajificha? Mtoto wako je?

ALHAMISI
Pumziko, Maji na Makombo

Soma Kutoka 23:12 na Luka 13:15. Amri ya Sabato inawataja wanyama kwa nini?

Bwana aliweka pumziko la mnyama ndani ya Sabato yetu, na Yesu alichukulia kwamba mtu mwema huwafungulia na kuwanywesha wanyama wake siku hiyo. Hapa nataka kuuliza jambo la nyumbani kabisa. Tunapokwenda makambi juma zima, mbwa anabaki na nani? Tunafunga mageti, tunapanda gari tukiimba, na nyuma yetu yuko kiumbe mwenye sufuria tupu. Jirani aombwe mapema, naye aachiwe unga na maji ya kutosha. Vivyo hivyo na ua wa kanisa: mbwa akiingia, shemasi amtoe taratibu. Watoto walioko darasa la watoto wanaona jiwe likirushwa dakika chache baada ya kufundishwa kwamba Mungu aliumba wanyama wote.

Sheria ya nchi nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama na inamtaka mwenyewe amtunze. Mkristo asingoje askari ili atii.

Kuhusu watoto wa mbwa wanaotupwa kwenye viroba kando ya barabara, sitasema mengi. Mbwa jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na asiyetaka watoto hao amwone daktari wa mifugo ili mbwa ahasiwe. Kama huwezi kulisha mbwa watatu, fuga mmoja.

Soma Luka 16:21. Langoni pa tajiri, ni nani waliomkaribia Lazaro? Aliyekuwa na chakula hakutoka nje. Mbwa walikuja.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Wazee na Manabii, sura inayohusu Balaamu, Zaburi 104, Yona 4:10, 11, Warumi 8:19–22. Zingatia kwamba sentensi ya mwisho ya kitabu cha Yona, kitabu cha rehema kwa mji mwovu, inawataja wanyama.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki wa kanisa ana mbwa ambaye tayari amewauma watu wawili. Anasema hana fedha za uzio, na mbwa ndiye mlinzi wake pekee. Kwa kuitumia Kutoka 21:29, kanisa limwambie nini, na limsaidieje?

2. Wengine husema, "Watoto hawana chakula, nyinyi mnazungumzia mbwa!" Hoja hii ina uzito katika mwaka wa ukame. Mungejibuje, mkikumbuka kwamba watoto ndio wanaoumwa zaidi?

3. Je, kuna uhusiano kati ya namna mtu anavyowatendea wanyama na namna anavyoitendea familia yake? Jadilini bila kutaja majina ya watu.

4. Mpeni mtu mmoja wa darasa kazi ya kumwona afisa mifugo wa kata juma hili, aulize chanjo ya mbwa itatolewa lini na kwa gharama gani. Kisha mhesabu: katika nyumba za washiriki wa darasa lenu kuna mbwa wangapi, na kati yao wangapi wamechanjwa?